Nyinyi Mnaosoma Insha Moja

Wajukuu zangu wa Ruiru na Thika, nyinyi mnaonipisha kiti cha dirishani kwenye matatu halafu mnarudi kuinamia simu zenu, leo nina neno nanyi. Si neno zito. Nguvu za kugombana ziliniisha zamani, na hata nilipokuwa nazo, miaka ile ya chaki na madaftari, niliona kwamba mtoto akigombezwa kwa sababu ya kitabu humchukia mwalimu na kitabu kwa pamoja. Heri umcheke kidogo, kisha umuulize swali.

Nimewaona mkisoma Binyavanga Wainaina. Nimefurahi, msidhani sikufurahi. Mkusanyo wake ulitoka 2022, miaka mitatu baada ya mwenyewe kutuaga, ukihaririwa na rafiki yake Achal Prabhala, nao umebeba jina la ile insha iliyomtangaza duniani, How to Write About Africa. Wachache wenu mmeununua dukani kwa bei inayouma. Wengine mmeupata kwa wachuuzi wanaotandika vitabu chini kando ya barabara, nakala za magendo ambazo herufi zake zinaelea. Wengi wenu, tusifichane, mmetumiana kwa WhatsApp. Habari ya wizi tutaizungumza siku nyingine, ingawa mwandishi naye alikuwa na tumbo.

Linalonichekesha ni hili. Mle ndani mna safari, mna siasa, mna vyakula, mna hadithi, mna ugomvi na Nairobi na ugomvi na dunia nzima. Lakini nikiwauliza mmefika wapi, kila mmoja ananijibu kwa insha ileile moja, ile fupi iliyoupa mkusanyo jina, na mara nyingi ni mistari yake ya mwanzo tu ndiyo iliyokaa kichwani. Nyingine zote mmeziacha jikoni zipoe.

Siwalaumu sana. Ile ni tamu. Ilianza kama barua pepe ya hasira kwa jarida la Granta la Uingereza, lililokuwa limetoa toleo zima kuhusu Afrika na kumchefua, na mwaka 2005 jarida lenyewe likaichapisha hasira hiyo. Mwandishi alijifanya mwalimu anayemwelekeza mgeni namna ya kuandika kitabu kuhusu Afrika kitakachouzika: aichukulie Afrika yote kuwa nchi moja ya joto na vumbi, asisahau machweo, aweke mwenye njaa asiye na jina, wanyama awape utu na watu awanyime. Kila agizo ni kinyume. Unacheka, unacheka, halafu unakumbuka kitabu fulani ulichokipenda, na kicheko kinapungua kidogo. Kazi hiyo aliifanya barabara.

Sasa nisikilizeni. Kejeli ni pilipili. Inaamsha ulimi uliolala, inatoa jasho, inamfanya mtu ajue kwamba chakula alichozoea kilikuwa hakina ladha. Lakini sijamwona mwenye akili zake akiketi mezani, akala bakuli zima la pilipili, akajipangusa mdomo na kusema ameshiba.

Yuko kijana mmoja wa Kimbo, simtaji, mama yake ataniuliza, aliyeniletea hadithi kuhusu nyanya yake. Nyanya huyo alichuma kahawa karibu maisha yake yote katika mashamba yaliyozunguka Ruiru. Rasimu ya kwanza ilikuwa na mambo: debe la kupimia kahawa na ugomvi wa karani aliyesema halijajaa, mgongo usionyooka, matope ya Aprili, na yale mahindi ya njano ya 1984 yaliyoletwa kutoka ng'ambo wakati wa ukame, ambayo bibi aliyakataa kwa madaha mpaka njaa ilipomfundisha adabu. Nikamwambia, endelea mwanangu, hapa pana kitu. Akaenda. Aliporudi alikuwa ameshasoma Binyavanga, yaani amesoma ileile moja. Njaa imeondolewa, kwa kuwa njaa ni picha wanayoipenda Wazungu. Machweo yameondolewa. Mbuzi ameondolewa, na sikuelewa mbuzi alikosa nini. Bibi mwenyewe amebanwa kwenye sentensi mbili, na mahali pake amekaa kijana mwenye miwani katika mkahawa wa Kilimani, anakunywa kahawa yenye povu la maziwa na kutafakari. Nikamuuliza, na huyu, kahawa yake ilichumwa na nani?

Hakujibu. Alikuwa na adabu.

Tazameni lilivyogeuka jambo lenyewe. Insha iliandikwa ili mgeni aache kutuandika hovyo. Ilipofika Ruiru ikamfanya mwenyeji aache kuandika kabisa. Mgeni, kwa kadiri ninavyoona, bado anaandika, na machweo yake bado anayo. Aliyetii ni mjukuu wangu, ambaye hata hakuwa ameambiwa. Njaa ya 1984 haikubuniwa na jarida lolote la Uingereza. Iliketi kwenye meko ya bibi huyo kwa jina na kwa harufu, na kama mjukuu wake haiandiki, itaandikwa na mtu asiyejua kwamba bibi alikuwa na madaha. Njaa yenye madaha hailingani na ile ya kwenye bango la kuomba msaada. Hilo tu ndilo Binyavanga alilokuwa akilidai, kwamba mwenye njaa naye ana tabia, ana mzaha, ana jirani asiyempenda.

Mchezo huu nimeutazama muda mrefu, wachezaji wakibadilishana. Mwaka 1965 Taban lo Liyong, akiwa masomoni Marekani, alitoa kilio chake maarufu kwamba fasihi ya Afrika Mashariki imekauka. Alikuwa kijana mwenye ulimi mkali, na kilio chake kilikuwa cha kuwachokoza watu wakae chini waandike. Watu walifanya nini? Walikariri ukame. Miaka ishirini baadaye, wakati Ngũgĩ, Okot, Grace Ogot na Meja Mwangi wameshajaza rafu, bado nilikuwa nakutana na watu wazima wenye mashahada wakiniambia kwa huzuni nzito kwamba sisi huku hatuna fasihi. Ukiwauliza wamesoma kitabu gani cha karibuni, wanakutajia Taban. Na hapo hatujagusa Kiswahili, ambacho Shaaban Robert alikuwa amekiandikia Kielezo cha Insha tangu 1954, ila vya Kiswahili nani alikuwa akivihesabu?

Akaja Okot p'Bitek. Song of Lawino ilitoka 1966, na mkusanyo wake wa insha, Africa's Cultural Revolution, ukafuata 1973. Mabwana waliofunga tai mpaka kooni katika jua la Januari walimkariri Lawino neno kwa neno, wapate la kuwakemea wake zao kuhusu rangi ya midomo na nywele za kuchomwa. Okot alikuwa amemchora Ocol, mume wa Lawino, mwenye tai na mwenye kudharau kwao. Aliyechekwa alikuwa yeye. Katika vikao vyote nilivyohudhuria sikumsikia bwana hata mmoja akisema, jamani, huyu Ocol nadhani ni mimi.

Ngũgĩ wa Thiong'o ndiye wetu wa karibu zaidi, mtu wa Kamĩrĩthũ, kaunti hiihii ya Kiambu. Alizuiliwa bila kufikishwa mahakamani kuanzia mwisho wa 1977 hadi Desemba 1978, na ni huko gerezani Kamiti, mwendo mfupi tu kutoka mnakolala baadhi yenu, alikoandika Caitaani Mũtharabainĩ kwenye karatasi za chooni. Mwaka 1986 zikatoka insha zake za Decolonising the Mind, akatangaza kwamba anakiaga Kiingereza na kwamba tangu hapo ataandika kwa Gĩkũyũ na Kiswahili. Lo, mngeona kitabu hicho kilivyotembea mikononi mwa walimu wa huku kwetu! Akina Peter na akina James waliyavua majina hayo ndani ya muhula mmoja. Chumba cha walimu kikawa uwanja wa kuuchambua ukoloni wa akili, kwa Kiingereza kilichopigwa pasi, na ikifika saa kumi haohao wanakwenda kuwachukua watoto wao katika shule ambako mtoto akiteleza akasema Gĩkũyũ huvishwa disk shingoni siku nzima. Ngũgĩ alikuwa amelieleza jambo hilohilo la kuvishwa kibao, ndani ya kitabu hichohicho. Walikuwa wameupigia mstari ukurasa wake. Kitabu kwapani, karo mfukoni.

Msiwaite wanafiki. Nawajua, walikuwa watu wema na walikuwa na hofu, na mzazi mwenye hofu humlipia mtoto wake hata sumu ikiwa jirani amesema ni dawa. Walichokosa ni dakika chache za kuuliza: hiki ninachokubaliana nacho, nyumbani kwangu kinataka nini? Leo watoto wa watoto hao wanapelekwa kwa nyanya zao Gatundu wakati wa Krismasi. Wanashikana mikono. Bibi anasema neno, mtoto anamtazama mama yake amtafsirie, mama naye anatafuta neno halipati, wote watatu wanatabasamu, kisha mtoto anauliza kama kuna mahali pa kuchaji simu. Hayo ndiyo malipo, na hayakuja kwa kukosa kusoma. Katika nyumba hiyo kitabu kipo kabatini, kina vumbi na mistari ya kalamu.

Nimejiuliza sana kwa nini tunafanya hivi, na jibu nililolipata halina ukali. Mkosoaji anatuuzia kwa rejareja kitu ambacho kwa jumla ni ghali. Kukaa na kitabu kizima ni kazi, macho yanauma na umeme unapotea. Kujua nani wa kuchekwa ni dakika tano, na ukishajua umekwisha kuhamia upande wa wenye akili, unaweza kulitaja jina kwenye meza ya watu na wakakupa nafasi. Nani asiyetaka nafasi? Mimi mwenyewe naipenda. Shida ni kwamba hukumu ya mtu mwingine haikai tumboni. Kesho una njaa tena, unatafuta mkosoaji mwingine, mkali zaidi.

Binyavanga aliyaona haya kabla yangu. Aliandika insha ya pili ya kuifuata ile ya kwanza, ikatoka katika jarida la Bidoun, na humo anasimulia kwa mzaha jinsi alivyogeuzwa dhamiri ya bara zima, mtu wa kuwaonya waandishi na kuwasamehe makosa yao, wageni wakimjia awaambie kama walichoandika kinafaa. Alichoka na cheo hicho. Hakutaka kuwa hakimu. Lakini insha hiyo ya pili, nimewauliza mmoja mmoja, hamjaisoma.

Basi hebu tumtazame mtu mwenyewe, maana wengi mnamjua kwa uso wa kwenye simu tu. Alikalia madawati ya Mang'u, hapo kando ya Thika, kabla ya kwenda Lenana. Alizaliwa 1971 na kukulia Nakuru, baba Mkenya, mama kutoka Uganda. Alipelekwa Transkei, Afrika Kusini, kusomea biashara, na biashara hiyo hakuimaliza. Alijifungia chumbani akisoma riwaya, jambo ambalo nyinyi mkilifanya nawaomba mnipigie simu kwanza. Akahamia Cape Town, akaingia katika mambo ya upishi na kuandika kuhusu vyakula. Wasifu wake ulipenda kutaja kwamba amekusanya mapishi zaidi ya 13,000 kutoka kila pembe ya Afrika. Elfu kumi na tatu! Mimi nimepika tangu nikiwa mtoto na sidhani nimefika hamsini, na arobaini kati ya hayo ni viazi. Mtu anayekusanya mapishi kwa kiasi hicho anapenda vitu. Anapenda kujua kitunguu kinatiwa lini. Mnapomfanya mtu wa kukataza tu, mnamnyang'anya nusu yake iliyo nono.

Mwaka 2002 alipata tuzo ya Caine kwa kazi inayoitwa Discovering Home, na mwaka uliofuata yeye na wenzake wakaanzisha jarida la Kwani? pale Nairobi. Hiyo Discovering Home someni. Anarudi kutoka Afrika Kusini, anazunguka. Anakwenda Uganda kwa wazazi wa mama yake, kwenye sherehe ya ndoa iliyodumu miaka sitini. Anapita Mwingi, akiwa amepata kazi ya kuwahamasisha wakulima walime pamba, na huko ndiko anakokuta vijana wakicheza ndombolo na mwili wake mgumu unajaribu kuyeyuka. Humo hamna amri hata moja. Kuna mtu anayeshangaa kwao. Na vumbi lipo, mzee yupo, jua lipo, vyote vile mlivyovifuta katika hadithi zenu kwa jina lake.

Ila hapo Mwingi mimi na yeye tunagombana, na nataka muone ugomvi wa kitabuni unavyokwenda, ili mjue hauui. Ile pamba anaipitia haraka mno. Ni kazi iliyomfikisha, basi, anaiacha mlangoni na kuingia kucheza. Mimi nimekaa karibu na Thika, mji wa viwanda vya nguo. Majirani zangu walitoka zamu ya usiku na nyuzi kwenye nywele. Miaka ya tisini soko lilipofunguliwa na mitumba ikashuka bandarini robota kwa robota, niliona zamu zikipunguzwa, kisha nikaona wanawake walewale waliofuma kitambaa wakitandika mitumba Makongeni na kuita wateja. Aliyempa mkulima wa Mwingi moyo wa kupanda pamba katika miaka hiyo alikuwa anampa moyo wa nini hasa? Binyavanga hakuuliza. Alikuwa kijana, ndombolo ilikuwa imeshika moto, na mimi katika umri wake ningefanya vivyo hivyo. Lakini swali limebaki pale ukurasani, limekaa wazi, na mwenye kulijibu ni mtoto wa Thika ambaye mama yake alikuwa na nyuzi kwenye nywele. Mmeona? Nimemsoma, nimempenda, nimemgombeza, na nimetoka na kazi ya kufanya. Mwandishi hakupungukiwa na kitu.

Lingine ni hili la Elspeth Huxley. Hapa Thika tuna kitabu chetu wenyewe cha kuchekwa, The Flame Trees of Thika, alichokichapisha 1959 akikumbuka utoto wake kama binti wa walowezi waliofika kupanda kahawa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1981 kilifanywa tamthilia ya televisheni huko Uingereza. Mmoja wenu aliniambia kwa uhakika kwamba ni takataka za kikoloni. Nikamuuliza kama amekisoma. Akasema Binyavanga alishawamaliza watu wa namna hiyo, hakuna haja.

Haja ipo. Kisomeni, tena taratibu. Mtakuta mtoto mwenye macho makali, mtakuta wazazi wasiojua shamba wakijifundisha shamba, mtakuta udongo na mvua ya Thika vikielezwa na mtu aliyevipenda. Mtakuta pia Wagĩkũyũ wakiingia na kutoka, wakibeba, wakichimba, na swali la ardhi ilikuwa ya nani likipitiwa kwa miguu mepesi. Mpasuko kati ya mapenzi hayo na swali hilo hauonekani kwa kusimuliwa. Sharti uukanyage mwenyewe. Na ukishaukanyaga una la kuandika. Yeye alikuwa na miti yake ya maua mekundu. Sisi tulikuwa na mũgumo wetu papa hapa Thika, ule wa utabiri wa Mũgo wa Kĩbirũ, ambao wazee hutusimulia kwamba utawala wa kikoloni uliuzungushia chuma usianguke, na ukaanguka mwaka wa uhuru. Miti miwili, mji mmoja. Nimeona makala ngapi za vijana zinazomtukana Huxley? Nyingi. Nimeona ngapi zinazoiweka miti hiyo miwili kwenye ukurasa mmoja na kuitazama?

Na Ruiru je? Hapa ndipo ninapochoka kweli, kwa uchovu wa kucheka. Sensa ya 2019 ilihesabu katika mji wa Ruiru watu zaidi ya 490,000, mji wa nne nchini, ukaziacha nyuma Eldoret na Kisumu, na Thika mama yake mwenye watu kama 251,000 akaachwa mbali. Nakumbuka kulipokuwa na kahawa mpaka mwisho wa macho. Kituo cha utafiti wa kahawa kilichopo hapa ndicho kilichozalisha mbegu ya Ruiru 11 na kuitoa kwa wakulima mwaka 1985, mbegu inayostahimili ugonjwa wa matunda ya kahawa na kutu ya majani, na wazee bado wanabishana kama ladha yake inaifikia SL28 ya zamani. Siku hizi ukitamka Ruiru kwa mkulima wa Nyeri au Kirinyaga anafikiri unazungumzia mche. Mji wenyewe umeng'oa miche yake na kupanda magorofa. Barabara kuu ya Thika ilifunguliwa 2012 na Rais Kibaki, mwanafunzi mwingine wa zamani wa Mang'u, na tangu siku hiyo ploti za hamsini kwa mia zimeuzwa kama maandazi ya asubuhi. Mmehamia humo. Mnapanga humo, mnagombana na keateka kuhusu maji humo, mnapendana na kuachana humo.

Nionyesheni insha moja ya Ruiru. Moja. Nipeni hiyo ya mwenye tangi la maji anayeijua kila nyumba kwa kiasi cha maji inachotumia na kwa hiyo anajua nani amepata mgeni. Nipeni ya mzee aliyeuza ekari akanunua gari, akauza gari, na sasa ni bawabu wa gorofa lililosimama kwenye ekari yake. Huyo simbuni, mnamsalimia kila asubuhi. Mnaniambia mnaogopa kuonekana mnauza umaskini. Mnamwuzia nani? Mzungu wa Granta hasubiri kwenye steji ya Ruiru. Wasomaji wenu ni sisi, na sisi huyo bawabu tunamjua. Tunachotaka ni kuona kama mmemwona.

Kwa hiyo kundi lenu la kusoma la Jumamosi mniruhusu nilipe utaratibu, kwa kuwa mimi ni mzee na nimezoea kutoa utaratibu hata usipofuatwa. Ile insha maarufu iwekeni kando mpaka mwisho wa mwaka, haitaoza. Anzeni na Mwingi na Uganda. Baada ya hapo zile za vyakula, msome kwa sauti, na kila mmoja aseme mahali ambapo mwandishi kwa maoni yake amekosea upishi, maana katika hilo hakuna mtu wa Kiambu asiye na maoni. Halafu ile ya pili ya Bidoun. Huxley akija, aje na Ngũgĩ pembeni yake, wasomwe wiki moja. Na kila atakayezungumza aje na ukurasa wake mmoja wa hapahapa, kutoka Kihunguro, Makongeni, Githurai, popote anapolipa kodi. Kijana wa Kimbo aje na bibi yake mzima, pamoja na mbuzi. Ukurasa ukiwa mbaya nitasema ni mbaya, ndiyo kazi niliyolipwa maisha yangu yote, na hakuna aliyekufa. Uwe kwa mkono au kwa mashine, kwa Kiswahili, Gĩkũyũ, Kikamba au Kiingereza, mradi usiwe wa mkahawa wa Kilimani.

Tuanze saa nane, si saa tisa na nusu ya kwenu. Maandazi mtanunua nyinyi, pensheni yangu mnaijua.